Wagonjwa Wanne Wenye Hina

Ahvaz, 2 Azar

Mama mdogo Talaat,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii, nami nikipaza sauti Mama yuko chumba cha pili, atanisikia. Barua hii inakuja na basi la Mashhad.

Mguu wa Mama umeharibika, ule wa kushoto. Kiatu kipya kilimchubua kidole, na wewe unajua mwenye kisukari hasikii maumivu ya vidole. Alipokuja kushtuka kidonda kilikuwa kimeshashuka hadi kwenye wayo. Nimemtoa Shushtar nimemleta kwangu, nampeleka hospitali yetu, hii ninayofanyia kazi maabara, kubadilishwa bandeji. Daktari ameniambia mimi, Mama hajui, tena bila kuzunguka: bakteria walio humo wakiwa wa kawaida, dawa anayopewa itawamaliza. Wakiwa wale sugu, dawa hiyo kwao ni maji tu, na tukichelewa kujua Mama atakatwa mguu.

Sasa kujua ndiyo kazi. Vifaa vyetu vya kupimia usugu vimekwisha tangu kiangazi, na vikwazo unavijua. Njia iliyobaki ni ya mdogo wangu Roshanak. Pale Tabriz ametengeneza kitambuzi chake, kikaratasi kilichopakwa chembe za dhahabu ndogo mno, hata darubini yetu haizioni. Bakteria wakiwa na jeni la usugu, chembe zile zinashikana na doa jekundu linageuka kuwa la bluu. Hospitali yetu ni mojawapo ya zile zinazompelekea sampuli za majaribio, na anayezifunga kwenye boksi la barafu na kuzipakia kwenye basi ni mimi.

Kwa hiyo nitampelekea usaha wa mama yake mwenyewe, naye hatajua. Nitaandika juu ya kichupa "dereva wa lori, miaka thelathini na nne." Safari ya pili nitaandika mwingine, maana sheria ya majaribio ni sampuli moja kwa mgonjwa mmoja.

Usinikasirikie. Mama ameniapisha kwa kaburi la Baba. Unakumbuka Baba alipolazwa, Roshanak aliacha kila kitu akaja kukaa kando ya kitanda, Baba akafa vilevile, na kule nafasi yake akapewa mtu mwingine. Baridi hii ikiisha kamati itakaa kukijadili kitambuzi chake. Mama anasema, "Sitamla mtoto wangu mwaka mwingine."

Tutasema Mama yuko kwako, amekuja kuzuru kaburi la Imamu, na simu yake imevunjika. Roshanak akikuuliza, shikilia hapohapo.

Mwanao,
Faramarz


Mashhad, 6 Azar

Dada Nosrat,

Kumbe uko kwangu! Karibu mgeni, mbona hujala chochote? Mwanao amenifanya mwongo uzeeni, nami nimekubali kwa sababu yako. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimesema, sasa nanyamaza.

Humu kifurushini kuna hina. Nimekwenda nayo hadi kwa Imamu, nikaishikiza kwenye vyuma vya kaburi nikakuombea mpaka mlinzi akaniambia, "Mama, na wengine nao wana shida zao." Ikoroge na maji ya waridi, ujipake kidondani kila usiku akishalala Faramarz, na siku ya kwenda hospitali uioshe vizuri. Mama yetu ndivyo alivyomponya mjomba Yadollah, akacheza harusini kwangu.

Faramarz usimwambie. Hawa watu wa maabara ukiwatajia hina wanakutazama kama mbuzi aliyevaa viatu.

Nduguyo,
Talaat


Mashhad, 7 Azar

Roshanak mwanangu,

Usiwe na wasiwasi wa mama yako, yupo hapa kwangu, mzima wa afya. Simu ilimdondoka kwenye ngazi za ziara ikapasuka, na mimi masikio yangu unayajua, usijisumbue kupiga. Kila asubuhi anakwenda kuzuru kwa miguu, kwenda na kurudi, teksi hataki hata kuisikia. Juzi nimempikia wali mtamu wa zafarani, amekula bakuli mbili akalamba na kijiko. Anasema uvae soksi nzito na usimeze chai ya moto. Atakaa hadi baridi ipungue.

Mama yako mdogo,
Talaat


Tabriz, 16 Azar

Kaka Faramarz,

Majibu kwanza, najua ndiyo unayoyatafuta. Dereva wa lori, doa jekundu. Msichana wa miaka tisa, doa jekundu. Hawana jeni, dawa ya kawaida itawatosha.

Ila nyekundu hii siipendi. Ina ukahawia, kama chai iliyomwagikia kitambaa. Mnaosha vidonda kwa kitu gani huko? Na jambo la pili: bakteria wa dereva na wa msichana wanafanana kupita kiasi, kila ninachopima kwa huyu nakikuta kwa yule. Wanaishi nyumba moja hawa?

Sasa yetu. Mbona hupokei simu? Unanichomekea karatasi kwenye boksi la barafu kana kwamba tuko enzi za babu. Nikipiga kazini umetoka, nikipiga nyumbani umelala. Mtu gani analala saa kumi na mbili jioni?

Na Mama mdogo ameniandikia. Kaka, Mama ameacha sukari tangu mimi nikiwa na mkoba wa shule, chai anakunywa kwa tende nusu na hiyo nusu anaipigia hesabu. Leo anakula bakuli mbili za wali mtamu na kulamba kijiko? Mama huyuhuyu ambaye akienda kununua mkate anarudi na teksi, eti anatembea hadi ziarani kila asubuhi? Msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mmegombana? Ameuza nyumba ya Shushtar? Ameolewa? Semeni tu, nitazoea.

Hapa pana jambo, Faramarz, nami nitalijua.

Roshanak


Ahvaz, 21 Azar

Dada yangu,

Mama hajaolewa. Angeolewa ungekuwa wa kwanza kualikwa, ili akuulize mbele ya watu wewe lini. Yuko Mashhad kama ulivyoambiwa. Ukitaka kuhesabu vijiko vya wali vya mama yako, mwandikie yeye. Mimi simu sipokei kwa sababu nikitoka kazini nimekufa.

Dereva na msichana labda walipitia wodi moja, huko ndiko bakteria wanakoazimana. Vidonda tunaosha kwa maji ya chumvi kama dunia nzima.

Lakini sasa nikuulize mimi. Una hakika na hilo doa lako jekundu? Dereva anapewa dawa uliyosema itamtosha, na kidonda kinachimba tu. Juzi bandeji ilipofunguliwa nimeona mfupa. Harufu yake naisikia hadi kwenye mto wangu. Roshanak, wewe una kamati mbele yako. Kitambuzi kinachosema "hakuna jeni" kinafurahisha wagonjwa, kinafurahisha madaktari, kinafurahisha na kamati. Sisemi unadanganya. Nasema mtu anayetaka sana kuona nyekundu ataiona nyekundu.

Nimekutumia mzee wa miaka sabini na mwalimu wa kike wa arobaini na moja. Pima vizuri. Nakuomba, pima vizuri hata kama umeninunia.

Faramarz


Tabriz, 1 Dey

Faramarz,

Jana ilikuwa Yalda, usiku wa mwisho wa Azar, ulio mrefu kuliko wote mwaka mzima. Tangu nihame nyumbani, Mama hajawahi kuacha kunipigia siku hiyo. Huwa ananiweka kwenye simu huku anapasua komamanga, ananisimulia watu wote wa mtaani na madhambi yao. Jana hakupiga. Nimekaa na komamanga langu moja na simu mbele yangu kama mjinga. Hilo nitaonana na Mama mdogo. Leo naandika la kazi.

Uliniambia naona nyekundu kwa sababu naitaka. Neno hilo liliniuma, sitaficha. Nikasema nitamwonyesha. Nikaushika ule ukahawia nikaanza kutafuta asili yake, mpaka nikaupata.

Ni hina, Faramarz. Hina! Ikiingia kwenye sampuli inazivalisha chembe za dhahabu kama koti, zinashindwa kushikana, na doa linabaki jekundu hata kama jeni lipo tele. Imo kwa dereva. Imo kwa msichana. Imo kwa mzee na kwa mwalimu. Tangu lini madereva wa malori wa huko kwenu Khuzestan wanajipaka hina? Au wote wanne wametoka harusi moja?

Nimezisafisha sampuli zote upya na kupima tena. Zote nne zimetoka bluu. Jeni lipo, na ni lile baya. Na la pili, ambalo nimelirudia kulipima mpaka macho yakaniuma, wagonjwa wako wanne ni mtu mmoja.

Sasa nimekuelewa. Hospitali itakayotimiza idadi ya sampuli itaachiwa mashine ya kupimia, na wewe mashine unaitaka. Umechukua usaha wa mtu mmoja ukaugawa kwa majina, ukatia na rangi ili nisitambue kwamba ni uleule. Ndiyo maana simu hupokei, sauti ingekuumbua. Na niambie, wewe mtu wa maabara, mfupa wa dereva umeuonaje? Unakaa naye? Unakwenda kumchota kila ukiishiwa?

Ungeniibia pesa ningenyamaza, ungekuwa umemwibia dada yako. Lakini hapo yupo mtu kitandani, anapewa dawa isiyomfaa kwa neno langu, kwa sababu wewe umelitia hina neno langu. Naona haya kuitwa dada yako.

Nimemwandikia mkurugenzi wako. Barua yake imekwenda kwa ndege, yako inakwenda kwa basi, ili ulimi wako usiitangulie.

Roshanak


Tabriz, 1 Dey

Kwa Daktari Pakniat, Mkurugenzi wa Hospitali

Mheshimiwa,

Baada ya salamu. Naandika kuhusu sampuli nne zilizoletwa kwangu kutoka maabara yenu kwa majina ya wagonjwa wanne tofauti. Zote zimetoka kwa mtu mmoja, na zote zimeingia hina, ambayo ilikizuia kitambuzi kisione. Majibu niliyotoa mwanzo nayafuta.

Kabla ya yote naomba jambo moja lisisubiri uchunguzi wala kikao: mtu huyo ana jeni la usugu, na dawa anayopewa haimsaidii kitu. Mbadilishieni leo hii. Majibu kamili, pamoja na dawa ambazo bado zinaweza kumfaa, nimeyaambatisha. Simjui ni nani.

Anayemjua ni mkuu wa maabara yenu, ambaye ni kaka yangu wa tumbo moja. Naomba achunguzwe kama mtu mwingine yeyote.

Wako katika kazi,
Roshanak


Ahvaz, 9 Dey

Kwa Daktari Roshanak

Baada ya salamu. Barua yako ilisomwa mbele ya kaka yako na mbele ya wenzake. Hakukana. Alikiri kwamba wagonjwa wanne ni mmoja. Alipotakiwa ataje jina alisema, "Badilisheni dawa kwanza, ndipo mnihoji." Dawa ikaagizwa, naye akataja jina tu, bila kueleza ni nani kwake. Jina hilo sina ruhusa ya kukupa, na yeye pia ameomba usipewe.

Kuhusu hina aliapa hajui lolote. Sikumwamini. Aliyeweza kubuni wagonjwa wanne hashindwi kubuni kiapo. Aidha sikuridhika na jinsi ninyi ndugu wawili mlivyokuwa mkiandikiana kwa karatasi ndani ya boksi la sampuli, na nitapenda kamati yako ijue kwamba hospitali hii haina mkono katika hayo.

Ameachishwa kazi tangu siku hiyo.

Pakniat


Ahvaz, 20 Dey

Roshanak,

Dereva wa lori ni mimi. Msichana wa miaka tisa ni mimi, na mzee wa sabini ni mimi. Yule mwalimu wa arobaini na moja ni mimi pia, na kwa hilo namshukuru nduguyo, amenipunguzia umri bila kuombwa.

Keti kama umesimama. Mashhad sijakanyaga. Tangu mwanzo wa baridi nimelala kitandani kwa Faramarz, yeye analala chini kwenye zulia, mlangoni kwangu, ili nikiita asikie. Ndipo alipouonea mfupa. Kila jioni uliyompigia ukaambiwa amelala, alikuwa ananishika mguu ndani ya beseni. Kukuficha ni amri yangu. Yeye alinibishia mara nyingi, nikamlilia, akashindwa. Wanaume wa ukoo huu hawawezi kilio cha mama yao, na mimi nimeutumia udhaifu huo tangu wakiwa wadogo.

Hina nilipaka mimi. Talaat aliniletea, nikajipaka kwa siri na kuiosha asubuhi, nikidhani ikishatoka machoni imetoka. Faramarz hakuijua. Neno hina kalisikia kwa mara ya kwanza pale mbele ya mkurugenzi, likisomwa kwenye barua yako. Alirudi nyumbani mchana, kitu ambacho hafanyi, akanifunua mguu, akanitazama kucha za vidole. Zilikuwa nyekundu, naye siku zote alidhani ni damu. Akakaa sakafuni akacheka mpaka akalia. Hakunigombeza hata neno moja. Afadhali angenigombeza.

Siku ya Yalda nilikuwa na homa, nikamwomba simu nikupigie. Akasema, "Mama, sauti yako imekwisha, ukisema alo tu atajua." Nikamwita dhalimu. Basi hilo nalo ulijue.

Sasa habari ya mguu. Daktari alikuwa amekwisha kupanga siku ya kunikata, chini ya goti. Mimi nilikuwa nimeambiwa ni kusafishwa tu, nikajifanya naamini, maana na mimi nina haki ya kudanganya. Barua yako ikafika, dawa ikabadilishwa jioni ileile. Dawa yenyewe ni sumu, inanitapisha na wananipima figo kila kukicha. Lakini harufu imekwisha. Vidole viwili vimekwenda, nimeviaga. Siku ya kukatwa imefutwa. Daktari wa kidonda anasema angekuwa na dada mkorofi kama wewe kila wodi, angestaafu mapema.

Haya. Usilie, sijamaliza.

Nimekukasirikia. Uliuliza tukakudanganya, hilo ni letu, nitalijibu mimi siku ya kujibu. Lakini ulipokaa kumdhania nduguyo ukamdhania wizi, ukamdhania mashine, ukamdhania kwamba anakwenda kumchota mtu kama kisima. Uliwaza yote, Roshanak, usiwaze kwamba huenda yupo mtu anayempenda. Mtoto aliyekubeba mgongoni mwaka wa mafuriko! Na yeye nimemkasirikia vilevile. Dada yake anampimia usiku na mchana, yeye anamwambia unaona unachokitaka. Nimezaa watoto gani ninyi wawili? Kila mmoja alikuwa anaushika mguu wangu upande wake, na kila mmoja anamwona mwenzake mwizi.

Nimemwambia amwandikie mkurugenzi, aeleze kwamba mgonjwa ni mama yake na hina ni ya mama yake. Hataki. Anasema sheria aliivunja kwa mkono wake, na ulichoandika ni kweli tupu, na sampuli zangu zimekuchafulia majaribio, kamati itakuuliza. Nikamwambia basi niandike mimi. Akasema, "Mama, umeshaandika ya kutosha mguuni." Ndiyo mzaha wake wa kwanza tangu siku ile, nami sikucheka.

Anaamka saa ileile ya kazi. Ananyoa ndevu, anavaa shati, anakuja kukaa kwenye kiti kando ya kitanda changu na hana pa kwenda. Nikilala anadhani simwoni.

Watu wanakuja kunipongeza, wanaleta tende ambazo siruhusiwi kula, wanasema shukuru Mungu, Nosrat, shukuru. Mguu ninao. Mwanangu hana kazi. Wewe uliyesoma niambie, nianzie wapi kushukuru?

Mama yako,
Nosrat